Nyota akitundika daluga, apewe timu?

Timu ikianza kupepesuka huku kusini, vijiweni utasikia pendekezo lile lile: mrudisheni fulani, si alituchezea? Kwa Mtwara, ambako Ndanda ilishuka Ligi Kuu mwaka 2020, hilo si swali la kupotezea muda. Wala kwa Lindi, ambako mwaka huohuo Namungo ya Ruangwa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho ikiwa na msimu mmoja tu Ligi Kuu, ikafungwa na Simba 2-1. Watu walishaonja, na wanataka tena.

Mifano iliyo wazi zaidi inatoka mahali pasipotarajiwa: hoki ya barafuni. Barafu tunayoijua sisi ni ya kuhifadhia samaki, na ile ya ukwaju kwenye kimfuko cha nailoni. Ila NHL, ligi kubwa ya Marekani na Kanada, kwa miaka mingi imechezwa mechi 82 kwa msimu kabla ya mtoano, na bahati haimbebi kocha kwa mechi 82.

Tuanze na Wayne Gretzky. Alistaafu mwaka 1999 akiwa na mabao 894 na pasi za mabao 1,963, na hakuna aliyekusanya zaidi yake kwa jumla ya hivyo viwili. Makombe manne ya Stanley, yaani ubingwa wa NHL, aliyatwaa na Edmonton. Mwaka 2005 akapewa Phoenix Coyotes awe kocha mkuu, bila kuwahi kufundisha popote. Misimu minne, mechi 328: akashinda 143, akapoteza 161 ndani ya muda wa kawaida na nyingine 24 baada ya muda huo. Hakuingia mtoano hata mara moja. Haki itendeke: klabu yenyewe ilikuwa na hali mbaya kifedha, na mwaka 2009 iliomba kufilisiwa. Mtu hapiki pilau kwa sufuria tupu. Lakini misimu minne ni mingi, na umasikini wa klabu hauelezi kila kitu.

Kinachoelezea zaidi ni kazi ya benchi yenyewe. Barafuni wanakuwa sita kila upande, kipa akiwemo. Kuteleza kwa kasi kamili kunamaliza miguu, hivyo mchezaji hukaa sekunde 40 hadi 50 tu, anaruka ukingo, mwenzake anaingia, mchezo ukiendelea. Kwa kawaida kocha ana washambuliaji 12 katika makundi manne ya watatu watatu, mabeki sita kwa jozi tatu, na makipa wawili. Idadi ya mabadiliko haina kikomo kwa dakika zote 60. Kundi likitoka wakati kile kisahani cha raba kinachogombewa bado kiko nusu yao, wapinzani wanakuta njia nyeupe. Wakizidi mmoja barafuni, ni adhabu ya dakika mbili, timu inacheza pungufu. Mchezo ukisimama, timu ya nyumbani ndiyo yenye haki ya kuwa ya mwisho kubadilisha wachezaji, hivyo kocha wa wenyeji anachagua beki gani akutane na mshambuliaji hatari wa wageni. Anayesitasita sekunde tatu amekwisha.

Sasa mweke hapo mtu aliyecheza maisha yake yote kwenye kundi la kwanza. Mchezaji anaijua zamu yake. Kocha anabeba zamu za wote, hata za yule wa kundi la nne anayecheza dakika saba kwa usiku mzima na bado anatakiwa asikate tamaa. Gretzky alisifika kwa kujua kisahani kitafika wapi kabla hakijafika. Utamchoreaje kijana kitu hicho ubaoni?

Upande wa pili una Scotty Bowman. Mwaka 1952, akiwa kwenye timu ya vijana, aliumizwa kichwa kwa gongo la kuchezea hoki, na NHL hakuicheza kamwe. Akaja kutwaa makombe tisa kama kocha, kwa klabu tatu tofauti. Jon Cooper alikuwa wakili huko Michigan, akaanza na timu ya shule, akapanda ngazi kwa ngazi hadi Tampa Bay ya NHL mwaka 2013, na kutwaa ubingwa 2020 na 2021. Wanaosema kocha lazima awe amecheza ngazi ya juu wana kazi ya kuwaeleza hawa wawili.

Hata hivyo hoja ya upande wa wachezaji ni nzito kuliko wasomi wa leseni za ukocha wanavyokubali. Rod Brind'Amour alicheza mechi 1,484 za NHL na alikuwa nahodha wa Carolina ilipotwaa kombe mwaka 2006. Aliporudi kuiongoza timu hiyo msimu wa 2018/19, Carolina ikaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2009, ikafika nusu fainali. Mwaka 2021 akapewa tuzo ya kocha bora wa ligi. Anayemwambia mchezaji akimbie zaidi huku yeye mwenyewe alikimbia hivyo kwa miaka 20, habishiwi. Ila tazama katikati hapo: kuanzia 2011 hadi 2018 alikaa kwenye benchi hilohilo kama msaidizi. Miaka saba.

Mfano unaosumbua ni Martin St. Louis, naye nyota wa zamani wa NHL. Februari 2022 Montreal ilimchukua kutoka kufundisha timu ya watoto wake. Msimu huo timu ilimaliza mkiani mwa ligi nzima, lakini uongozi ukamwongezea mkataba badala ya kumfukuza, na mwaka 2025 ikaingia mtoano. Kwa hiyo asiye na ujuzi wa benchi anaweza kufaulu, mradi mwajiri akubali kulipia ada ya kujifunza kwa misimu mitatu. Klabu ya daraja la chini hapa haina uvumilivu huo wala fedha hizo. Ikifungwa mechi nne mfululizo, kibarua kimeota nyasi.

Ndiyo maana kumpa nyota timu siku anapotundika daluga ni kumchoma, na kumnyima kabisa ni kutupa mali. Apewe usaidizi, misimu mitatu au minne, huku akipanda leseni za CAF kutoka D kwenda C na B. Usaidizi wa kazi lakini, si wa kubeba koni na kugawa maji.

Kazi yenyewe inaonekana kwenye makosa. Kanuni ya soka ya sasa inaruhusu mabadiliko matano katika fursa tatu, mapumziko hayahesabiwi. Kocha mgeni anatoa mmoja dakika ya 55, mmoja ya 63, mmoja ya 70. Dakika ya 76 beki wake wa kati anashika msuli. Benchi lina watu, haki ya wachezaji wawili ipo, lakini fursa zimeisha. Anamaliza mechi na kilema au na watu kumi. Kwa joto na unyevunyevu wa uwanja wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara, msuli wa dakika ya 76 si ajali, ni jambo la kupangia. Mabadiliko ya kiufundi yafanywe mapumziko, au wawili kwa mpigo, na fursa moja ilindwe hadi dakika ya 80.

Msaidizi aliyewahi kucheza ndiye anayeuona msuli huo mapema: beki anaanza kusukuma mpira nje badala ya kupasia, anainama mikono magotini, anachelewa kupandisha mstari. Aandike dakika na jina kwenye daftari, amnong'oneze kocha mkuu, na baada ya mechi walinganishe daftari hilo na kilichotokea. Bodi ikitaka kujua kama yuko tayari, iombe daftari la msimu mzima kabla ya kuuliza alifunga mabao mangapi.