Steve Albini na pointi alizozikataa

Steve Albini, fundi wa kurekodi muziki wa Marekani, alipofariki kwa mshtuko wa moyo tarehe 7 Mei 2024, akiwa na miaka 61, wengi walimkumbuka kama mtu aliyeacha utajiri umpite. Mwaka 1993 aliirekodia bendi ya roki ya Nirvana albamu ya In Utero kwa malipo ya mkupuo ya dola 100,000, akakataa mirabaha, yaani sehemu ya mauzo ambayo prodyuza hulipwa kwa asilimia ziitwazo pointi. Marekani peke yake albamu hiyo imeuza zaidi ya nakala milioni 5. Wapo waliomwona mtakatifu, wapo waliomwona mjinga. Pande zote mbili zinajadili moyo wake, wakati swali lenyewe ni la hesabu: pesa hizo zingetoka mfukoni mwa nani?

Hesabu aliiandika mwenyewe mwaka huohuo katika jarida la The Baffler. Alichukua bendi ya mfano ya watu 4, iliyopewa na kampuni malipo ya awali ya dola 250,000 na kuuza nakala 250,000 kwa dola 12 kila moja. Mirabaha ya bendi ni 351,000. Humo kampuni inakata 250,000 zake za awali, 25,000 za promosheni, 50,000 za kuikomboa bendi kutoka lebo ya zamani, na 40,000 za prodyuza, ambaye alikwishachukua 50,000 wakati wa kurekodi. Bendi inabaki na deni la dola 14,000. Kampuni imepata faida ya 710,000 na prodyuza 90,000. Kila mwanamuziki, ukijumlisha kila alichopata, ameambulia dola 4,031.25.

Watu huishangaa takwimu hiyo ya mwisho. Mimi narudi kila mara kwenye zile 40,000. Zifute, na deni la 14,000 linageuka salio la 26,000, yaani dola 6,500 kwa kila mwanabendi, zaidi ya yote aliyoambulia mwanzo. Nyimbo ni zilezile, mauzo ni yaleyale, na prodyuza bado ana ujira wake wa 50,000. Pointi za prodyuza hazitoki kwa kampuni; zinamegwa kwenye fungu la wasanii. Kabla ya kuanza kazi, Albini aliwaandikia Nirvana kwamba albamu ikiuza milioni 3, pointi moja au moja na nusu ingekuwa kama dola 400,000, naye hataki. Alipwe kama fundi bomba, thamani ya kazi aliyoifanya.

Na kazi yake ilikuwa ya fundi kweli. Kwenye dramu, mbali na maiki za karibu, aliweka nyingine sakafuni mita kadhaa kutoka kwa mpigaji, kisha akaichelewesha sauti yake kwa milisekunde 20 hivi. Kila milisekunde sauti husafiri kama sentimita 34, kwa hiyo sikio linahisi maiki imesogezwa karibu mita 7 nyuma. Hatari yake ni mawimbi ya maiki mbili kupingana: yakifutana, ngoma ya mguu inakonda, besi inapotea. Dawa ni kugeuza polariti ya maiki moja, yaani kulipindua wimbi lake juu chini, na kusikiliza kama besi inarudi, kabla kanda haijaanza kuzunguka. Nayo kanda ya futi 2,500, kwa mwendo wa inchi 15 kwa sekunde, inaisha baada ya dakika 33, basi uamuzi hufanywa palepale. Kazi ya namna hii inapimika kwa siku.

Upande wa pili una hoja nzito. Hadi 1965, prodyuza George Martin alizipanga nyimbo za Beatles akiwa mwajiriwa wa kampuni ya rekodi ya EMI asiye na mirabaha, na faida ikabaki kwa mwajiri, si kwa bendi. Anayebadilisha wimbo wenyewe, akaongeza vinanda na kupanga sauti, ana haki ya kudai sehemu. Tena, malipo ya mkupuo hudaiwa kabla nakala moja haijauzwa. Bendi isiyo na fedha inaweza kumpata prodyuza mkubwa kwa kumwahidi pointi tu. Na kampuni ya Nirvana haikuridhika na mlio wa In Utero: prodyuza Scott Litt aliitwa kuzichanganya upya “Heart-Shaped Box” na “All Apologies”.

Hoja ya Martin naikubali kwa mpangaji wa muziki. Albini hakutaka hata kuandikwa prodyuza, kwa kuwa nyimbo aliziacha kama bendi ilivyozileta. Ya bendi maskini inapungua nguvu ukiikumbuka ile 40,000: pointi ni mkopo ambao bendi inaulipa wakati inapoanza kuuza.

Hoja dhaifu kabisa ni kwamba aliweza kukataa kwa sababu alikuwa amekwisha kujipatia. Desemba 1987, akiwa na miaka 25, aliwarekodia bendi ya Pixies albamu ya Surfer Rosa mjini Boston. Alilipwa dola 1,500, bila pointi.