Usiguse Kompyuta!

Berlin ina ofisi ambazo unaweza kushinda humo kutwa usisikie neno la Kijerumani. Ya kwetu bosi ni Mreno, fundi wa kompyuta ni Mhindi, mpanga ratiba ni Mbrazili, na wote wanagombana kwa Kiingereza. Mimi niliingia Ujerumani kwa kadi inayoitwa Chancenkarte, iliyoanza kutolewa Juni 2024, ambayo inakupa hadi mwaka mmoja wa kusaka kazi ukiwa humo humo nchini. Kwa upande wa lugha wanataka ama Kijerumani cha A1, yaani ngazi ya mwanzo kabisa, au Kiingereza cha B2, yaani cha mtu anayejieleza vizuri. Halafu unakusanya angalau pointi 6 za uzoefu, umri na mambo kama hayo, na unaonyesha hela ya kujikimu, ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 1,091 kwa kila mwezi. Hela ilinitoa jasho. Kiingereza wala.

Na kazi nikapata: kuhariri matangazo ya Kiingereza, saa 20 kwa wiki, maana kadi hairuhusu kibarua kizidi hapo. Usaili ulikuwa wa video, tukacheka, tukaelewana. Afisa utumishi, mama mmoja mpole ambaye humu nitamwita Mama Utumishi, akamalizia kwa tabasamu: "Basi mkataba tunakutumia kwa posta."

Kwa posta! Kampuni inayotengeneza programu za simu!

Kumbe sababu ipo, tena ya kisheria. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi 6, na Ujerumani mkataba wenye kikomo haukubali sahihi ya kuchora kwa kidole kwenye skrini. Unataka wino juu ya karatasi, au sahihi ya kidijitali ya daraja la juu kabisa ambayo ofisi yetu haikuwa nayo. Bosi akasaini nakala mbili, zikatiwa kwenye bahasha, yeye akaenda zake likizo ya wiki 3.

Sasa njoo tuongee habari za sanduku la barua.

Anwani ya Kijerumani kwa kawaida haina namba ya fleti. Ni mtaa, namba ya jengo, basi. Mleta barua anafika mlangoni, anakuta ukuta wa visanduku, anatafuta jina. Jina lako lipo, barua inaingia. Halipo, barua inarudi ilikotoka, na hana sababu ya kukuulizia. Mimi nilikuwa nimepanga chumba kwa jamaa yangu. Ofisi ya manispaa nilishakwenda, nikajiandikisha kwa ile karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba kweli umehamia. Serikali nzima ya Ujerumani ilijua naishi pale. Aliyekuwa hajui ni kisanduku.

Nikaandika jina langu kwa herufi kubwa, nikalibandika kwa selotepu chini ya jina la jamaa. Kesho yake nikalikuta ndani, limesukumwa chini ya mlango, limekunjwa mara mbili kwa adabu kabisa. Msimamizi wa jengo hataki vikaratasi. Vibao vyote lazima vifanane, na vinaagizwa kwa kampuni inayosimamia nyumba, na kampuni hiyo, jamaa akaniambia, hujibu ikijisikia. Nikabandika tena. Nikabanduliwa tena. Yule mzee sijawahi kumwona kwa macho mpaka leo. Tulizungumza kwa selotepu tu, na naamini tuliheshimiana: mimi niliongeza tabaka, yeye akaja na kitu chenye ncha.

Kuna kipindi kikaratasi kilidumu siku kadhaa, nadhani mzee alikuwa mgonjwa. Katika upenyo huo barua moja ikafanikiwa kunifikia. Nikaichana kwa pupa pale pale kwenye ngazi. Ilikuwa ya ada ya redio na runinga, euro 18.36 kwa mwezi. Runinga sina, redio sina, nina kitanda na begi. Haijalishi: ada inahesabiwa kwa makazi, uwe unatazama au hutazami. "Usihangaike kaka," jamaa akanituliza, "mimi nalipia fleti hii, waandikie tu namba yangu ya malipo ya ada." Nikawaandikia. Kikaratasi kikabanduliwa siku ile ile.

Mkataba haukufika. Siku ya kuanza kazi ikafika.

Nikachomekea, nikaenda. Nikaonyeshwa meza yangu, kiti cha kuzunguka, kompyuta mbili. Nimenyoosha mkono niiwashe moja, nikasikia viatu vinakimbia kwenye korido.

"Usiguse!"

Mama Utumishi, mkono kifuani, anahema. "Umesaini?"

"Nisaini nini? Haijafika."

Akakaa chini. Nikadhani anaugua. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemtoa mwenzake karibu na ukingo: nikianza kazi kabla ya mkataba wenye kikomo kusainiwa kwa wino, kile kikomo kinaweza kufa, nikahesabiwa nimeajiriwa moja kwa moja. Miezi 6 inageuka maisha. Kwa kubonyeza kitufe! Nikaitazama ile kompyuta kwa macho mapya. Na yeye akaniona ninavyoitazama.

Kilichofuata ni kukaa jikoni mwa ofisi, mlango wazi, yeye meza yake ikinielekea. Chai ruksa. Choo ruksa. Nilipochukua kikombe kichafu nikioshe akanyanyuka: "Hapana, tafadhali." Kuosha vyombo nako ni kazi, nani ajuaye. Nikakaa mikono magotini.

Akapita binti mmoja wa masoko, hana habari, kashika karatasi. "Wewe ndiye wa Kiingereza? Nitazamie hii, inakwenda kuchapwa saa nane." Sentensi moja tu, na koma imekaa katikati ya kiima na kitenzi, pasipo haki yoyote. Nikafungua mdomo.

"Asijibu!" Sauti kutoka mezani.

Nikafunga mdomo. Binti akanitazama, akamtazama Mama Utumishi, akarudi kinyumenyume.

Saa saba na ushei mleta barua akaingia na rundo la barua. Juu kabisa, bahasha yetu, jina langu limepigwa mstari, na kibandiko kinachosema mpokeaji hakupatikana. Mama Utumishi aliichana kwa meno. Nikasaini hapa, nikasaini pale, akapuliza wino ukauke, akanipa nakala yangu mkononi, akafuta jasho.

"Karibu sana. Sasa unaweza kuanza."

Nikakimbilia kule masoko kuiwahi ile koma. Binti akanionyesha saa ya ukutani: kiwanda kilimpigia mapema, akatuma. Mabango 400, na koma yake.

"Mbona hukusema?" akaniuliza.

Mama Utumishi alikuwa ameshafunga mlango wa ofisi yake.