Mashine tunaijua, anayesoma picha hatumjui

Nyumbani akipigwa mtu eksirei mimi naletewa picha WhatsApp, filamu imeinuliwa dirishani ipate mwanga, vidole vya mtu vinaonekana, halafu "kaka hebu waonyeshe madaktari wa huko". Jamani mimi naendesha foklifti Dallas! Nikiuliza ripoti iko wapi naambiwa karatasi sijui imebaki wapi, si picha ipo?

Sasa yule aliyekwambia vuta pumzi usitikisike ni mpiga picha. Anayekaa na hiyo picha baadaye akaandika hapa pana ufa, hapa pafu lina maji, huyo ni daktari bingwa wa radiolojia, kasomea udaktari kamili kwanza ndo akaenda kubobea, na daktari wako mara nyingi anaamua tiba kwa maandishi yake. Vituo vidogo hayupo, daktari anajisomea mwenyewe.

Msidhani Wamarekani wanatuzidi sana kwa hili. Wengi wanamjua siku ya bili, maana inakuja ya hospitali halafu inakuja nyingine ya daktari ambaye hujawahi kumtia machoni, watu wanapiga simu kugombana. Ila tangu 2021 kanuni zinataka ripoti ikifika tu na mgonjwa aione kwenye simu yake, saa zingine kabla hata daktari wake hajaifungua, basi mtu anagugo usiku kucha roho juu, lakini angalau jina la aliyeisoma analiona.

Kwetu tunazindua mashine. Utepe, mgeni rasmi, makofi, na hakuna anayenyoosha mkono kuuliza nani atasoma na majibu yanatoka lini. Halafu kuna hawa wa tiba radiolojia, MUHAS, chuo kikuu cha afya pale Muhimbili Dar, wameanza kuwafundisha 2019, wanapitisha sindano au mrija mwembamba huku wenyewe wanaangalia skrini, wananyonya usaha tumboni, wanazibua njia ya nyongo bila kukupasua, mtaani kwetu nani anawajua? Mtu bado anauza shamba akidhani lazima kisu.

Kwa hiyo ukipimwa dai ripoti, uone nani kasaini. Fomu ikiandikwa "maumivu ya tumbo" basi, mwambie daktari aongeze ulifanyiwa operesheni gani na lini. Na ile filamu ya mwaka juzi iliyo chini ya godoro ibebe, anayesoma analinganisha, doa lililokaa miaka miwili halijakua na lililotokea juzi anayaandika tofauti kabisa.