Kioo cha gari ni sehemu ya redio, na kitendewe hivyo

Redio ya gari inapoanza kukwaruza, lawama ya kwanza huenda kwa kituo cha utangazaji na ya pili kwa redio yenyewe, na ni nadra sana kumsikia mtu akikitilia shaka kioo. Lakini katika magari mengi yaliyoundwa miongo ya karibuni, antena haisimami tena juu ya bodi. Imechapwa kwa mistari myembamba kwenye kioo cha nyuma au cha ubavuni, au imelazwa ndani ya kioo cha mbele kwa uzi wa chuma ambao huuoni mpaka uutafute. Kwa maoni yangu huu ni uhandisi mzuri, na sitaki turudi kwenye antena ya fimbo kwa ajili ya mazoea tu. Ninachokipinga ni ukimya unaouzunguka: kioo kimegeuzwa kuwa kiungo cha redio, na watu wanaokishughulikia, yaani fundi wa vioo, fundi wa tinti, fundi wa redio na mwenye gari mwenyewe, mara nyingi hawajaambiwa.

Hamu ya kuificha antena si ya leo. Redio za magari zilipoanza kuenea katika miaka ya 1930, mapaa mengi yalikuwa na sehemu kubwa ya kitambaa, na mafundi walitandaza wavu wa nyaya ndani yake ukawa ndio antena. Paa la chuma kitupu lilipoingia katikati ya muongo huo, njia hiyo ilifungwa, kwa kuwa chuma huzuia mawimbi kuufikia wavu ulio chini yake. Wengine wakazitundika antena chini ya vibao vya kukanyagia kando ya milango, jirani na tope na mawe ya barabarani, na hatimaye fimbo ikashinda. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, ikarudi kwenye ufichaji kwa kulaza nyaya nyembamba ndani ya kioo cha mbele. Wazo lilikuwa sahihi, ingawa usikivu wake haukusifiwa sana, na sababu yake inaeleweka mtu akitazama vipimo vya mawimbi yenyewe.

Wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na robo ya urefu huo ni sentimita 75, ambao ndio urefu wa karibu wa fimbo nyingi tulizozizoea. Kioo cha nyuma cha gari la kawaida kina upana unaozidi mita moja, kwa hiyo nafasi ya kuchora mstari wenye urefu unaofaa ipo, tena kioo chenyewe hulifupisha wimbi linalopita kwenye mstari, hata mstari mfupi zaidi ukatosha. Kwa AM, yaani matangazo ya redio yanayotumia mawimbi marefu zaidi, mambo ni tofauti kabisa. Wimbi la kilohezi 1000 lina urefu wa mita 300, na hakuna antena ya gari inayoukaribia urefu huo, iwe ya fimbo au ya kioo. Antena hapo hudokoa volti kidogo tu hewani, na hizo chache humezwa na kebo ndefu inayoelekea kwenye dashibodi zisipoimarishwa mapema. Ndiyo maana antena ya kioo karibu kila mara huwa na amplifaya, yaani kifaa cha kuimarisha mawimbi, ndogo iliyofichwa kwenye nguzo ya kioo au pembeni mwa paa, sentimita chache tu kutoka mahali mistari inapoishia. Amplifaya hiyo ndiyo roho ya mfumo mzima, nayo pia ndiyo sehemu isiyojulikana kuliko zote.

Namna ya kutengeneza hutegemea aina ya kioo. Kioo cha mbele ni vipande viwili vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati, kwa hiyo uzi mwembamba unaweza kulazwa ndani ya utando huo na ukasalimika daima. Kioo cha nyuma kwa kawaida ni kipande kimoja kilichopashwa moto na kupozwa ghafla ili kikipasuka kiwe chembechembe zisizokata vibaya. Juu yake huchapwa uji wenye madini ya fedha, na kioo kinapopitishwa kwenye tanuri la nyuzijoto zaidi ya 600 za Selsiasi, uji huo huungana na uso wa kioo. Mistari hiyo iko wazi upande wa ndani, na mkono wowote wenye wembe unaweza kuikata.

Baadhi ya waundaji huenda mbali zaidi, wakaitumia mistari ileile ya kuondoa ukungu kuwa antena. Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Mistari hiyo hupitisha mkondo mzito wa umeme kutoka kwenye betri, pengine ampea 20, na papo hapo inatakiwa ishike mawimbi dhaifu mno ya redio yasipotelee kwenye betri hiyo. Dawa yake ni koili, yaani waya uliozungushwa mizunguko mingi, zinazowekwa kila upande wa mistari, zikiruhusu umeme wa kupasha joto upite na kuyazuia mawimbi. Kwa FM koili ndogo inatosha. Kwa AM inahitajika koili kubwa yenye kiini cha sumaku, na ikichaguliwa vibaya, kelele zote za umeme wa gari, kuanzia jenereta hadi mota ya pampu ya mafuta, huingia kwenye spika kupitia kioo. Katika magari ya umeme kelele hizo ni kubwa zaidi, na baadhi ya kampuni ziliamua kuiondoa AM moja kwa moja. Mwaka 2023 Ford ilitangaza kuibakiza baada ya kupingwa, na mwaka huohuo muswada wa kuilazimisha AM iwemo katika kila gari jipya ukawasilishwa katika Bunge la Marekani. Mimi nawaunga mkono wanaoitetea AM, kwa sababu hufika mbali mahali ambapo FM imekwisha zamani.

Hoja kwamba fimbo husikia vizuri kuliko kioo ina ukweli wake, na haifai kuikana. Mstari mmoja kwenye kioo husikia vizuri upande fulani na vibaya upande mwingine, kwa kuwa bodi ya gari huyazuia mawimbi yanayotoka upande ulio nyuma ya chuma, na gari likikata kona stesheni inaweza kufifia. Lakini kioo kina jambo ambalo fimbo haiwezi: nafasi ya kuchora antena mbili, tatu au nne. Mjini mawimbi hugonga majengo na kurudi, yakakutana na wenzake na kufutana, hata gari likisogea mita moja na nusu tu sauti inaweza kuzama na kuibuka tena. Redio yenye antena kadhaa hupima mara kwa mara ni ipi inayosikia vizuri kwa wakati huo na kuhamia kwake bila msikilizaji kutambua. Mfumo wa namna hiyo ukitengenezwa kwa uangalifu huishinda fimbo. Ukiwekwa mstari mmoja wenye amplifaya hafifu, fimbo ndiyo inayoshinda, na mnunuzi hapati pa kuisoma tofauti hiyo katika karatasi za gari.

Wengi huamini kwamba kile kidude chenye umbo la pezi la papa juu ya paa ndicho antena ya redio. Mara nyingi sivyo. Ndani yake huwamo vipokezi vya setilaiti na vya mtandao wa simu, huku AM na FM zikiwa zimebaki kwenye kioo. Mtu anayelibadilisha pezi ili redio isikike vizuri anaweza kuwa anatibu kiungo kisichougua.

Madhara makubwa hutokea gari likiwa mikononi mwa mafundi. Tinti yenye chembe za chuma hubandikwa upande wa ndani, juu kabisa ya mistari ya antena, ikaikinga isipate mawimbi na kuibadilisha tabia yake, ilhali tinti za kaboni au za seramiki hazina tatizo hilo. Kuibandua tinti ya zamani kwa wembe ni hatari zaidi, kwa sababu huondoka na mistari. Kioo kilichopasuka hubadilishwa kwa kingine chenye umbo sawa lakini kisicho na mistari ya antena, au chenye mistari ambayo kiunganishi chake hakikurudishwa. Na redio ya kiwandani inapotolewa ili kuwekwa nyingine, amplifaya ya kwenye kioo hukosa umeme. Katika redio nyingi za dukani waya wa buluu ndio unaotoa volti 12 kwa kazi hiyo, na fundi asiyejua kwamba gari lina amplifaya huuacha ukining'inia. Stesheni za karibu zitasikika kwa shida, za mbali zitapotea, na mteja ataambiwa redio mpya ni mbovu. Katika magari mengine umeme huo hupitishwa ndani ya kebo ya antena yenyewe, na hapo inahitajika adapta maalumu.

Magari yaliyoundwa kwa ajili ya soko la Japani yana shida yake. FM ya huko huanzia megahezi 76 na kuishia 95, ilhali sehemu kubwa ya dunia hutumia 87.5 hadi 108. Madereva wengi hushughulika na redio peke yake, kwa kuweka kifaa cha kubadili masafa, lakini mistari ya kioo na amplifaya yake vilipangwa kwa masafa ya Japani, kwa hiyo stesheni za juu zinaweza kubaki dhaifu hata redio ikiwa nzima.

Mstari uliokatika huweza kurekebishwa, na ingefaa fundi aujaribu kabla ya kumwambia mteja anunue kioo kizima. Katika mistari ya kuondoa ukungu, swichi ikiwashwa, mita ya umeme hupitishwa polepole kutoka ncha moja hadi nyingine. Katika mstari mzima volti hushuka kidogo kidogo, lakini katika uliokatika, pale zinapoanguka ghafla ndipo penye mkato, ambao huzibwa kwa rangi ya madini ya fedha. Mistari ya antena peke yake haina umeme wa kupimwa hivyo, kwa hiyo hukaguliwa kwa kupima kama njia haijakatika, gari likiwa limezimwa.

Kila kioo cha gari tayari kina mhuri kwenye kona unaotaja mtengenezaji, aina ya kioo na kiwango cha usalama. Naomba mhuri huo uongezewe alama inayosema kwamba kioo kina antena, na kwamba ni ya AM, ya FM au ya zote mbili. Kitabu cha gari nacho kionyeshe kwa mchoro mistari ipi ni ya joto na ipi ni ya redio, mahali amplifaya ilipofichwa, na njia inayoipatia umeme. Agizo la kioo kipya lisikubaliwe kwa jina la gari na mwaka tu, bali pamoja na alama hiyo ya antena. Na fundi asilikabidhi gari kabla ya kuiwasha redio na kuijaribu kwenye stesheni iliyo mbali, kwa sababu stesheni ya karibu husikika hata kwenye antena iliyokufa.