Reli Ikishatandikwa, Bei ya Hataza Hubadilika

Reli ya TAZARA inayopita Iyunga hapa Mbeya ina upana wa milimita 1,067. Reli ya Kati ya zamani ina 1,000. Kwa milimita hizo 67, mzigo hushushwa na kupakiwa upya Kidatu. Nani leo ataing'oa reli hadi Kapiri Mposhi, Zambia? Kiwango kikishachaguliwa, kutoka ni gharama kuliko kubaki.

Simu nazo hufuata viwango vya pamoja, na ndani yake mna hataza, yaani haki ya mvumbuzi kutoza wanaotumia uvumbuzi wake. Ndiyo maana sikubali watengenezaji simu wanaolalamikia mrabaha, yaani ada ya kutumia hataza, waitwe wezi wa ubunifu. Kwenye mashirika ya viwango kama ETSI ya Ulaya, mwenye hataza huahidi kutoa leseni kwa masharti ya haki, ya kiasi na yasiyobagua. Ahadi ni nzuri, ila haitaji bei. Bei huja baadaye, viwanda vikishajenga.

Mwaka 2010 Motorola iliitaka Microsoft ilipe asilimia 2.25 ya bei ya bidhaa kwa hataza za Wi-Fi na video. Asilimia ya bidhaa nzima, si ya kijisehemu kinachotumia hataza! Microsoft ilikadiria zaidi ya dola bilioni 4 kwa mwaka. Mwaka 2013 Jaji James Robart wa Seattle alipiga hesabu yake: takriban dola milioni 1.8 kwa mwaka. Tofauti ya zaidi ya mara elfu mbili. Microsoft ina mawakili wa kufika huko. Kiwanda kidogo cha simu za bei nafuu kitalipa, au kitaacha.

Wenye hataza nao wana hoja. Utafiti unakula miaka na fedha, na wapo watumiaji wanaokwepa kulipa hadi wafikishwe mahakamani. Tena mwaka 2020 mahakama ya rufaa Marekani iliipa ushindi Qualcomm, kampuni ya chipu za simu, dhidi ya tume ya biashara ya nchi hiyo iliyoishtaki kwa kuzuia ushindani, ikisema ahadi ya leseni iliyovunjwa ni zaidi suala la mkataba kuliko la ushindani. Lakini mkataba humlinda aliyeusaini, wala si mnunuzi wa simu sokoni Mwanjelwa anayelipia mrabaha ndani ya bei ya simu bila kuuona.

Dawa ni bei ijulikane kabla kiwango hakijachaguliwa. Hofu ni kwamba wanunuzi wa leseni wakijadili bei pamoja watakuwa genge la kuishusha. Ni hofu ya kweli. Ila shirika la viwango vya kompyuta liitwalo VITA (ufupisho wa jina lake la Kiingereza) lilitaka kila mwenye hataza atangaze mwenyewe kiasi cha juu cha mrabaha kabla ya kiwango kuchaguliwa, bila majadiliano ya pamoja, na mwaka 2006 Wizara ya Sheria ya Marekani ilisema haina nia ya kuupinga utaratibu huo. Bei ilijulikana kabla reli haijatandikwa.