Marehemu Kasema "Kati!"

Kwa vile mpiga picha wangu ameshaisambaza hii habari ya mimi na jeneza kwenye magrupu yote, tena kwa chumvi zake (eti nilitoka mbio na bukta, jamani, sanda ilikuwepo, ilidondoka baadaye), acheni nisimulie mwenyewe.

Mnajua kwenye hii tamthilia mimi ndiye mwongozaji, na mtayarishaji ni mimi huyo huyo. Mwigizaji wa maiti alipodai posho ya ziada ili alale jenezani, mtayarishaji akagoma. Mwongozaji akasema, basi nalala mwenyewe. Hela ikabaki mfukoni, tukaelewana vizuri sana mimi na mimi.

Kamera nikaificha ghorofani kule Mji Mkongwe wa Bagamoyo ili msafara uonekane wa kweli. Wabebaji nikawaambia: hakuna kusimama mpaka niseme "kati!", ile "cut" yetu ya kusimamisha kamera. Sawa, bosi.

Sasa nyie watu wa Bagamoyo mnajijua. Jeneza likipita, nani atabaki na kikombe cha kahawa? Nikasikia kandambili zinaongezeka. "Tupokezane, tupokezane!" Bega hili linashuka, lile linapanda, nami ndani nayumba. Kumbe vijana wangu wameshapokonywa zamani! Mzee mmoja, sauti iko sikioni kabisa, akauliza, "Nani huyu?"

"Sijui, lakini alikuwa mtu mwema sana."

(Machozi yalinilenga. Hakuna aliyewahi kunisema hivyo nikiwa hai.)

Saa saba mchana, mbao zinachoma, pamba puani. Harufu ya samaki wa kukaanga ikapenya hata kwenye pamba, nikajua tumefika sokoni ufukweni, kamera tumeiacha huko. Mbele ni makaburini. Livingstone, yule mmisionari, alibebwa maiti na watumishi wake akina Chuma na Susi toka Chitambo, Zambia ya leo, akafika Bagamoyo hii hii Februari 1874 bila kufungua mdomo. Mimi mitaa michache tu ilinishinda.

Nikavuta pumzi. Kwa ile sauti yangu ya kazini: "KATI!"

Miguu yote ikasimama. Hata wauza samaki kimya. Kisha yule mzee, taratibu kabisa:

"Kati ya nini na nini?"

Nami kwa adabu zote nikamjibu kutoka ndani: "Shikamoo babu. Naomba mnishushe."

Walinishusha. Wote kwa mara moja.

Goti limevimba, jeneza ni kuni, karai la mama mmoja nimelilipa pamoja na samaki wake, wazee nimewaomba radhi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, yameisha. Tunarudia Jumamosi. Yule mwigizaji wa maiti kanipigia jana, anacheka: posho imepanda.