Mgeuze mgonjwa

Kila ikitangazwa kwamba panya aliyekatwa uti wa mgongo ametembea tena maabara, kuna mtu hunitumia habari hiyo. Nafurahi, ila kidogo. Kwangu mimi, hatua kubwa kuliko zote katika majeraha ya uti wa mgongo ilipigwa na wauguzi wenye saa ya ukutani.

Hati ya mafunjo ya Misri iitwayo Edwin Smith, yenye umri wa miaka kama 3,600, inaeleza wagonjwa 48. Mmoja ameteguka shingo: hana habari na mikono wala miguu yake, na mkojo unamtoka tu. Tabibu anakata shauri kwamba huyu hatibiki. Hata katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wengi waliopooza hivyo walikufa ndani ya miezi michache.

Walikufa kwa vidonda vya kulala muda mrefu na kwa maambukizi ya mkojo. Sisi wengine hujigeuza usingizini bila kujua, kwa sababu ngozi inalalamika. Ngozi iliyokufa ganzi hailalamiki. Nyama inabanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, inaanza kuoza. Mwanzoni ni wekundu usiofutika ukibonyeza kidole (kwenye ngozi nyeusi hata huo huuoni, unapapasa joto na ugumu). Baadaye ni shimo.

Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyewakimbia Wanazi, alifungua wodi ya Stoke Mandeville, Uingereza. Akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na usiku alipita mwenyewe kukagua. Wengi wakaacha kufa. Tarehe 29 Julai 1948, wagonjwa 16 walishindana kulenga mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Paralimpiki ilianzia hapo.

Sipuuzi maabara. Mwaka 1981 watafiti Samuel David na Albert Aguayo walionyesha kwamba nyuzi za neva za uti wa mgongo zaweza kuota zikipewa kipande cha neva ya mguu kama daraja, jambo lililodhaniwa haliwezekani. Kinachoniudhi ni kuona anayegeuza wagonjwa akihesabiwa msaidizi tu.

Nimewahi kuifanya kazi hiyo, saa nane za usiku. Watu wawili, shuka moja chini ya mgonjwa, moja, mbili, tatu, kisha mto katikati ya magoti. Saa kumi tukarudi.